Nimemkumbatia Mkwe Wangu kwa Sababu ya Tenisi

Mpendwa Shangazi Veronicah,

Nisaidie kabla aibu haijanimaliza. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tisa, mkulima wa kahawa hapa Manyatta, Embu, na kiongozi wa kina mama kanisani, na binti yangu Nelius ameolewa Mikinduri, huko Meru, na kijana anaitwa Murithi, mwenye duka la dawa za mifugo, na majuma mawili yaliyopita alijifungua kwa upasuaji nikaenda kumsaidia, kumpikia njahi, yale maharagwe meusi ya mama aliyejifungua, na kumwogesha mtoto. Unajua kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawazoeani, hata mkono hatupeani ovyo, yeye akiingia sebuleni mimi naingia jikoni, na tukiwa na neno tunampitishia Nelius hata kama sote tuko hapo. "Nelius, ambia mama chai iko tayari." Ndivyo tulivyoishi, kwa heshima na amani.

Sasa Murithi anapenda tenisi, aliijua alipokuwa mwanafunzi Nairobi akiokota mipira katika klabu moja ya matajiri, na mashindano ya Paris yalipoanza runinga ikawa haizimwi. Mwanzoni nilikuwa nachambua njahi mlangoni mwa jikoni nikiona watu wawili wanapigiana mpira kwenye udongo mwekundu sawa na wa shamba langu, nikasema moyoni, watu wazima hawa hawana kazi. Siku ya pili nikashindwa kuvumilia. "Nelius, uliza baba mtoto kwa nini wanahesabu kumi na tano, thelathini, halafu arobaini. Ile tano imeenda wapi?" Murithi akacheka. "Ambia mama hata wenyewe hawajui. Lakini wakifika arobaini wote wawili, lazima mmoja ashinde mara mbili mfululizo, la sivyo wanarudi palepale."

Shangazi, hapo ndipo nilipotekwa, kwa sababu mpira wa miguu ukifungwa matatu na zimebaki dakika mbili unaenda zako kukamua ng'ombe, lakini tenisi haina saa, mtu anabakisha pointi moja tu ashinde na bado anashindwa, na yuko peke yake pale, hana wa kumbadilisha wala wa kumlaumu, na kabla mpira haujaanzishwa uwanja mzima unanyamaza kuliko sisi kwenye meza ya Bwana, unasikia viatu vikikwaruza vumbi, halafu pa, na moyo wangu unapiga hata nikiwa nimeketi.

Jumapili iliyopita baada ya ibada, mzee Salesio, ndugu wa marehemu baba yake Murithi, alikuja na kina mama wawili kuona mtoto. Kwenye runinga kulikuwa na kijana mfupi ninayempenda kwa sababu anapigwa na hanung'uniki, alikuwa amepoteza seti mbili za kwanza kwa jitu moja refu ambalo likianzisha mpira huuoni, unausikia tu, akaokoa pointi tatu ambazo kila moja ingemmaliza, akachukua seti ya tatu, akachukua ya nne, njahi zikaungua nikasikia harufu nikaziacha, na sijui nilitoka jikoni saa ngapi nikajikuta nimesimama katikati ya sebule. Ile pointi ya mwisho walipigiana mpira mara thelathini na moja, nilihesabu, halafu yule mfupi akainua raketi kama anataka kuupasua, kumbe anaugusa tu polepole, ukadondoka nyuma ya neti, jitu likakimbia, likateleza, halikufika. Nikapiga kelele nikamrukia aliyekuwa karibu nami nikamkumbatia shingoni, na aliyekuwa karibu alikuwa Murithi.

Mzee Salesio aliweka kikombe chini. "Sawa tu. Siku hizi dunia imeisha," akasema, akavaa kofia yake akatoka, na wale mama wakamfuata. Murithi naye alisema anaenda kufunga duka, na siku hiyo duka halikuwa limefunguliwa.

Kesho yake alfajiri nilipanda gari nikarudi nyumbani bila kumuaga mtu isipokuwa Nelius, aliyelia. Murithi hajasema neno kuhusu jambo lile. Jana tu Nelius amenipigia simu, ati ametumwa aniambie kijana wetu ameshinda tena na nusu fainali ni Ijumaa saa tisa na nusu. Naona hiyo ni njia ya kunikumbusha aibu yangu. Je, nitafute mbuzi nikaombe msamaha, ama nikae mbali na nyumba ya binti yangu mpaka nife? Na nikikaa mbali, hiyo nusu fainali nitaionea wapi?

Mama Nelius, Manyatta


Mama Nelius,

Nilicheka mpaka fundi wa mitambo hapa redioni akaniuliza kama niko salama, halafu nikafika mwisho wa barua nikaacha kucheka. Pole kwa njahi na pole kwa aibu. Jana mchana niliwasha runinga nione ni kitu gani hicho kilichomtoa kiongozi wa kina mama jikoni. Nilikusudia dakika kumi. Niliinuka baada ya saa tatu, na mazoezi ya kwaya yalinipita. Kwa hivyo kuruka kwako sikulaumu hata kidogo. Mchezo ambao mtu anaruhusiwa kufufuka akiwa ameshachimbiwa kaburi, nani atauangalia amekunja mikono?

Lakini sasa nisikilize, maana nakugombeza. Kosa lako si la Jumapili, ni la Jumatatu. Umemwacha mtoto wako na mshono wa majuma mawili, kichanga mkononi na mume anayeshinda dukani, ukakimbia kwa sababu mzee mmoja alivaa kofia. Nani anamchotea maji? Nani anainua sufuria? Pointi za kijana wa Paris umenihesabia moja moja, na kilio cha Nelius umekipa neno moja tu. Hao wachezaji unaowapenda, hata aliyeshindwa baada ya saa tano hatoroki kwa mlango wa nyuma. Anatembea mpaka kwenye neti, anamtazama mwenzake usoni, ndipo anaondoka.

Tena hata ujumbe uliotumiwa hukuuelewa. Anayetaka kukuaibisha hakuambii mechi ni saa ngapi. Murithi ana adabu zake, hawezi kukupigia simu aseme "mama, rudi," kwa hivyo amekutumia saa tisa na nusu. Soma vizuri, mama. Umealikwa.

Mbuzi mwache ale majani. Mpigie mzee Salesio wewe mwenyewe, usimpitishie Nelius, umwambie, "Mzee, nilikosa adabu mbele yako, nisamehe." Ishia hapo. Usimweleze tenisi, kwa sababu ukianza hutanyamaza. Murithi usimwombe chochote, mpikie tu chakula kisichoungua. Na mkiketi sebuleni, Nelius akae katikati yenu, ili ukishindwa kujizuia umkumbatie mwanao.

Halafu usinipangie kufika kesho mechi ikianza. Leo ni Alhamisi, na gari za kwenda Meru zipo hata sasa hivi. Kijana wa Paris atacheza ukiwepo au usipokuwepo, lakini leo jioni Nelius atataka kuinuka kitandani, na hatakuwa na wa kumshika mkono.