Nilipoulizwa Kama Nakiri

Ukonga, 4 Agosti 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari za baridi ya Njombe, na mgongo wako? Sie wazima. Mjukuu wako Clara kaota meno mawili, ananing'ata nikimnyonyesha kisha anacheka. Naandika kwa sababu simu ya hapo nyumbani anaishika kaka Venance, na haya sitaki ayasikie yeye kwanza.

Umekuwa ukiniuliza baba wa Clara ni nani. Ni Edgar, mwinjilisti wetu, yuleyule aliyekuja na kwaya yetu kumzika baba mwaka jana. Nilipomwambia nina mimba alinishika mkono, akaomba sala ndefu, nzuri, nikaitikia amina. Tangu hapo hajakanyaga kwangu. Wiki iliyopita mtoto alichemka homa, nikampigia. Akanitumia mstari wa Biblia. Nikambeba mwenyewe hadi zahanati.

Nataka aaibike, mama. Hata kwenye sala nasema hivyohivyo, sizungushi.

Mwanao,
Vaileth

Njombe, 19 Agosti 2024

Mwanangu Vaile,

Marahaba. Mgongo ni uleule, viazi vimekubali. Nibusie Clara.

Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaifungua tena. Una hakika? Mahubiri yake ya msibani Venance aliyarekodi, akaniwekea kwenye redio, nayasikiliza kila nikimkumbuka baba yako. Aliposema marehemu hajatuacha, ametangulia kututandikia, hata mzee Apolinari asiyeingia kanisani alifuta machozi. Mtu mwenye maneno kama yale anaweza kumkana mtoto? Labda ulimuudhi. Usimchafue mtumishi, mwanangu. Nyamaza, Mungu anaona.

Mama yako

Ukonga, 27 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo. Sie wazima.

Sikukujibu kwa sababu nililia kwanza. Sasa nimemaliza.

Clara inabidi abatizwe, na utaratibu unaujua: aliyezaa bila ndoa lazima arudi kundini. Asimame mbele ya watu wote, aulizwe kama anakiri, ndipo mtoto apelekwe kwenye maji. Mwanamume asipotajwa anabaki kwenye kiti chake. Wazee wa kanisa wamenipangia Jumapili ya tarehe kumi na saba mwezi ujao. Na anayeuliza maswali ni mwinjilisti. Edgar mwenyewe, mama, na kanzu yake nyeupe, aniulize mie dhambi yangu. Leo kanikuta mlangoni, eti, "Dada Vaileth, jinyenyekeze tu, Bwana huwainua wanyenyekevu." Dada.

Gauni la kusimamia nimelishona kwa mkono, na kila nikichoma sindano nilikuwa namuwaza yeye. Ila nikimtaja wakanifukuza, Clara hatabatizwa, na hilo ndilo linaniuma. Nimtaje au ninyamaze? Sifanyi kitu bila neno lako.

Mwanao,
Vaileth

Njombe, 8 Novemba 2024

Mwanangu,

Hujambo? Mjukuu wangu je?

Juzi ilinyesha nikakaa ndani, nikawasha yale mahubiri. Nikakumbuka kwamba siku ya mazishi nayo ilinyesha. Watu wakapokezana koleo kumfukia baba yako, hata wanakwaya wenzako na viatu vyao vya mjini. Edgar alikuwa ndani ya gari, kioo kapandisha, anasubiri chakula. Nilimwona kwa macho yangu haya. Lakini masikio yalikuwa yamejaa maneno yake, nikaona si kitu. Aliyefukia mpaka mwisho, akatopea mpaka magotini, ni Apolinari.

Nimemwambia Venance ayafute mahubiri yale. Nisamehe mama yako. Mtaje. Wakimkataa Clara huko, mlete abatizwe huku.

Mama yako

Ukonga, 18 Novemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo mara nyingi. Sie wazima kabisa.

Jana nilisimama, Clara mgongoni. Kanisa lilijaa. Edgar akaanza na ile sauti yake, akaongea habari za neema mpaka watu wakatikisa vichwa. Kisha akaniuliza, "Dada Vaileth, unakiri mbele za Mungu na kanisa lake kwamba umetenda dhambi hii?"

Nikasema, "Nakiri, Mwinjilisti. Na wewe?"

Mama, laiti ungemwona. Kipaza sauti mkononi, mdomo wazi. Akaanza mstari, akaukatisha. Akaanza mwingine. Mama Gaspar wa benchi la mbele akamwambia taratibu, kama anayemwonea huruma, "Jibu tu, baba. Swali lenyewe fupi."

 Aliweka kipaza sauti chini akatoka kwa mlango wa pembeni, na mie nilimsindikiza kwa macho mpaka pindo la kanzu lilipopotea. Nimeionea raha aibu yake, sikufichi. Mchungaji amemsimamisha huduma. Mie nimepokelewa, Clara atabatizwa Krismasi.

Jioni akanitumia mstari, ule wa kusamehe saba mara sabini. Nikamjibu kwamba maneno yake ninayo ya kutosha, mtoto ameishiwa nepi, duka analijua na nyumba anaijua.

 Njoo Krismasi, mama. Na umwombe mzee Apolinari aje nawe, nataka yeye ndiye amshike Clara akibatizwa.

Mwanao,
Mama Clara