Gauni Lisiloisha

Tarehe 4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu tele. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanayonisumbua. Shangazi yako mzima, anasema umemsahau. Mdogo wako mzima, amerefuka mpaka anainama mlangoni. Jirani wa mkaa mzima, na kikohozi chake nacho kizima. Hata yule kuku kilema anakusalimu, bado anataga.

Baba yako ndiye sijui nikwambieje. Toka alipopata kile kiharusi, mtaalamu wa mazoezi wa hospitali alisema mguu wa kushoto uchezeshwe asubuhi na jioni, la sivyo utakaza kama kuni. Wiki ya kwanza aliuinua. Ya pili akawa anauinua nikimkodolea macho. Sasa anasema, "Mke wangu, mazoezi ni ya wanajeshi. Mimi ni fundi cherehani." Nimembembeleza, nimenuna, nimemnyima chai, nikamwonea huruma nikampa. Nimeinua miguu yangu mwenyewe mbele yake ili aige. Alicheka mpaka machozi, wake hakuuinua. Nifanyeje mwanangu? Wewe ndiye uliyesoma.

Mama yako

Tarehe 20 Februari

Mama, shikamoo,

Nimefurahi kusikia wote wazima, na kuku pia. Mimi sijambo. Usimtajie tena mazoezi. Cherehani chake si cha kukanyaga? Kisogeze karibu na kiti chake, mwambie nataka anishonee gauni nije kulivaa mwezi wa sita. Mguu utafanya kazi wenyewe bila kuambiwa.

Binti yako

Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Baba yako anakanyaga! Kusikia tu gauni ni lako, akaomba mkasi. Vipimo anavyo kichwani toka ulipoondoka. Mwanzo mguu uliteleza, shangazi yako akaufunga kwa kitambaa pale kwenye kikanyagio, wakawa wanatukanana kama watoto.

Tatizo ni kwamba amemaliza. Alilitundika msumarini, akaegemea kiti, na mguu ukalala palepale. Basi aliposinzia mchana nikachukua wembe, nikafumua ubavuni. Nikamwambia umeandika umenenepa. Akashona. Nikafumua tena, nikasema umepungua. Akaniuliza, "Huyu mtoto ana nini?" Njoo upesi, uongo unaniishia.

Mama yako

Tarehe 28 Mei

Mama, shikamoo,

Natumai hamjambo. Nisamehe. Wenzangu wawili hapa kwa dobi ninapofanya kazi wameacha, msimamizi ameninyima likizo. Pengine mwakani. Usimwambie Baba kwanza. Napiga pasi mashuka ya watu huku nikiuwaza mguu wake.

Binti yako

Tarehe 9 Julai

Mwanangu,

Salamu ni zilezile, wote wanakusalimu, siwezi kuwataja leo.

Sikumwambia. Aliniuliza, "Mwezi wa sita bado?" Nikasema bado. Akakanyaga. Nami nikaendelea kufumua, mpaka wiki iliyopita kitambaa, kwa kuchoka na matundu ya sindano, kikachanika mikononi mwangu. Nililia kwa sauti. Akaamka akanikuta na wembe. Nikajua leo ndiyo leo.

Akasema polepole, "Nashona toka sijakuoa. Nisijue uzi wangu ukifumuliwa? Nilikuwa nakanyaga nisikuvunje moyo. Na najua haji."

Nimenunua kitambaa kingine, cha rangi uipendayo. Kimekunjwa juu ya cherehani. Hakikati. Anasema hashoni tena kwa vipimo vya uongo, wala vya msichana aliyeondoka zamani. "Aandike mwenyewe alivyo sasa." Mguu ameuweka juu ya kikanyagio, umetulia tu. Jana nilijaribu kuukunja goti, akauma meno. Nimeongea naye, nimenyamaza naye. Mimi sina tena la kufanya.

Kwa hiyo jipime mwanangu. Kifua, kiuno, nyonga, na kutoka bega mpaka goti. Kama huna futi, chukua kamba, ifunge fundo kila kipimo kinapoishia, uitie ndani ya bahasha. Usipunguze ili upendeze, atajua. Ukipata barua hii usiseme kesho, jipime hapohapo ulipo, uitume. Mguu umeanza kukaza.

Mama yako