Hukuzembea, Baba

Umetimia mwaka mmoja, Baba, tangu utoke nyumbani na chupa yako ya chai kwapani, ukamwambia Mama asikupakulie mapema kwa kuwa siku hiyo mnafunga paa la ndege. Hukurudi. Tungependa kukuandikia kwa upole, maana wewe mwenyewe ulikuwa mpole, lakini hasira haijatutoka.

Kwa miaka ishirini na mitatu ulikuwa fundi bati wa ndege. Mliletewa ndege zilizochoka kubeba abiria, mkang'oa viti, mkaziba madirisha, mkakata mgongo wote wa juu na kuzivisha mwingine mkubwa kama ghala, ili zibebe mizigo isiyoingia kwingine: bawa zima, mtambo mzima. "Ndege haistaafu," ulikuwa ukisema, "inanenepa tu, kama mjomba wenu." Mjomba ndiye aliyekuwa akicheka kuliko sote. Ukiokota kitu chini ya viti, kiatu cha mtoto au miwani, ulikiweka kwenye dirisha la ofisi wiki nzima, kana kwamba mwenyewe yuko njiani.

Mfukoni hukukosa chaki. Chochote ambacho hakijawa tayari ulikiandika BADO: mlango uliolegea bawaba, kiti kibovu, hata insha yangu ya chuo. Karakana nzima iliifuata sheria yako. Anayefuta BADO ni yule aliyemaliza kazi yenyewe, hakuna mwingine.

Asubuhi ile uliandika BADO kwenye jeki iliyokuwa ikivuja mafuta. Ndege iliyokatwa mgongo hulegea kama boksi lisilo na kifuniko, na jeki ndizo zinazoishikilia. Ukaagiza ibadilishwe, ukaenda kufanya kazi mkiani. Uliporudi, chaki haikuwepo. Ukaamini imebadilishwa, ukaingia chini ya ndege.

Haikuwa imebadilishwa, ikaachia, na ndege ikakulalia. Kulikuwa na wageni wa kupiga picha, na meneja hakutaka waone maandishi ya chaki. Basi.

Hayo hatukuyajua mpaka rafiki yako, yule uliyempa jina la Koleo, alipokuja akaketi ukingoni mwa kiti, chai asiiguse.

"Shemeji, mimi ndiye niliyefuta. Niliambiwa nisafishe. Nikasema hii ni BADO ya mzee. Nikaulizwa, kwani mzee ndiye meneja hapa?"

Mama alimsogezea kikombe.

"Kunywa chai, shemeji," akasema. "Kisha urudie polepole, huyu binti aandike."

Akarudia, akatia sahihi. Juma lililofuata alifukuzwa kazi.

Ripoti ya karakana inasema ulikufa kwa "uzembe wa marehemu". Sanduku lako la vifaa wamelishikilia mpaka tutie sahihi kwamba tumeikubali. Meneja alimpigia Mama simu, sauti laini utadhani anauza pole.

"Mama, tuyamalize haya. Marehemu hana cha kupoteza."

"Ana jina," Mama akamjibu. "Sanduku kaa nalo."

Wewe na uzembe, wapi na wapi? Wewe uliyepitisha kidole juu ya kila ribiti iliyoshika bati, moja moja, na ukisemeshwa katikati unaanza upya? Aliyeliandika neno lile hajawahi kushika hata bisibisi.

Ndege yenyewe waliikamilisha. Mwezi uliopita ilipita juu ya nyumba yetu na tumbo lake kubwa. Majirani walitoka kuitazama. Mama aliingia ndani akafunga dirisha.

Hatukutia sahihi, Baba, na hatutatia. Maneno ya Koleo tumeyapeleka kwa wachunguzi wa ajali, nao wamekubali kulifungua upya faili lako. Jumatatu tutasimama mbele yao. Mimi ndiye nitakayeyasoma kwa sauti, na usinicheke, nimeshaanza mazoezi bafuni.

Wanaokukumbuka ni mkeo, wanao watatu, dada yako mkubwa, mjomba, na Koleo, ambaye hakutaka jina lake liwemo humu, lakini Mama amesema aandikwe papa hapa, pamoja na ndugu.

Tutakukumbuka siku zote, kwa jina lako na si kwa neno walilokubandika.