Saa kumi wageni wanarudi kwa ajili ya kahawa

Mama, shikamoo. Nimeenda kwa shangazi, kule Kikwe. Wale wageni wa hoteli wakirudi, mashine ya kahawa atavuta Prosper, si ndio fundi.

Kaka Prosper, maji yasipite alama. Funga kifuniko, washa, subiri dakika kumi. Kahawa nimeshasaga, wewe ishindilie tu kwenye kichujio. Pandisha mkono wa mashine, hesabu mpaka nane, ushushe taratibu. Ukiharakisha inatoka maji matupu.

Asubuhi walikunywa wakaisifia, wakauliza ametengeneza nani wampe kazi. Mama ukamwonyesha Prosper, eti ana cheti. Mimi ukasema ni wa kuosha vikombe. Na wewe kaka ukatabasamu, wakati hata kuiwasha hujui. Miezi sita naungua vidole na hiyo mashine.

~~Kifuniko fungua muda wowote, utajua mwenyewe.~~ Usifungue kifuniko mashine ikiwa ya moto, kitakurukia usoni. Toa mvuke kwanza.

Mama, kahawa ya shamba letu hujawahi kuonja, wewe ni chai tu. Kikombe nilichofunika kwa kisahani ni chako. Kimepoa. Onja, halafu wakija waambie nani ametengeneza.

Mwanao, Sadoki