Nimemfundisha Muuguzi Kifaransa cha Kutunga

Mshauri wangu mpendwa, nisikilize kwanza, utacheka baadaye.

Mimi ni fundi saa, nina miaka sabini na mbili na shule niliiachia darasa la tano, na nimejiunga na darasa la Kifaransa pale juu ya duka la dawa kwa sababu binti yangu ameolewa kwa watu wa lugha hiyo, na wajukuu wakinipigia simu kazi yangu ni kucheka tu kama mtu anayetekenywa. Sasa mwalimu wetu huchelewa, nasi hukaa tukiulizana yanayotutatiza, na siku moja muuguzi ninayekaa naye dawati moja akauliza kwa nini meza ni ya kike. Wote wakanigeukia mimi mwenye mvi. Ulimi ukaniwasha, nikasema chochote kinachobeba mizigo ya wengine bila kulalamika Wafaransa hukihesabu mwanamke, ndiyo maana meza ni jike, kiti ni jike, lakini kitanda ni dume, kwa sababu kutwa kimelala. Darasa likavunjika mbavu, nikabatizwa Profesa, na tangu hapo kila swali huletwa kwangu kwanza, nami, Mungu anisamehe, sijawahi kukosa jibu.

Kumbe muuguzi hakuwa anacheka, alikuwa anaandika. Juzi alinibebea mkoba ngazini kama kawaida yake, akanionyesha daftari: machela ameifanya jike, maana nayo hubeba. Nimechungulia kitabuni, ni "le brancard", dume. Na kibaya zaidi, Wafaransa wana "wewe" mbili, nami nilimwambia "vous" ni ya watu unaowaogopa na "tu" ni ya unaowapenda, na Jumatatu ana mahojiano ya kazi kwa Kifaransa mbele ya daktari mkuu wa hospitali anayoitamani tangu amalize chuo. Akaniambia, "Babu, nitamwita 'tu' tangu mlangoni, ajue nina moyo mzuri." Nikisema ukweli uprofesa umekwisha, nikinyamaza nimemharibia mtoto wa watu. Nifanyeje?

Profesa wa ngazini

Mzee wangu, shikamoo, ingawa leo naitoa shingo upande.

Kitanda kimenichekesha mpaka chai ikanipalia, halafu nikamwona huyo muuguzi mlangoni kwa daktari, kicheko kikakauka. Saa ya mteja ikikushinda, hufungi mfuniko ukamwambia imepona. Sasa anayekubebea mkoba amekukosea nini? "Tu" ni ya nyumbani na ya marafiki. Kwa daktari mkuu ni "vous" mwanzo mpaka mwisho. Na meza ni ya kike bila sababu yoyote ya maana, hukaririwa hivyo hivyo, na mwalimu angekwambia kama ungemuuliza.

Unalilia uprofesa? Hukupanda ngazi zile kutafuta cheo, ulifuata wajukuu. Nenda kamwone leo hii, usingoje darasa. Mwombe daftari, fungueni kitabu, mfute makosa pamoja ukurasa kwa ukurasa. Atakasirika, mwache akasirike mpaka amalize. Jumapili wewe uwe daktari mkuu, umkalie kitini umenuna, akusalimie mara ishirini.

Na swali likiletwa tena kwako, jibu "je ne sais pas", yaani sijui. Ni Kifaransa safi, babu, na wajukuu wakipiga simu anza na hilo hilo. Watakufundisha linalofuata.