Misumari ya Nyuma ya Mlango

Shoga yangu Rayya,

Mungu akulaze pema. Nimeanza na dua usije ukasema nimekuja kugombana, ingawa hasa ndilo lililonileta.

Mwaka wa pili huu tangu tukuzike, na mwezi wa nane tangu Seif aliyekuwa mume wako awe mume wangu. Kwa hilo sikuombi radhi. Wewe mwenyewe ulinishika mkono pale kitandani hospitali ukaniambia, "Asila, usimwache akala mikate ya dukani." Sikumwacha. Anakula mkate wa ufuta wa mkono wangu, na akishashiba anakutaja wewe.

Ijumaa baada ya Alasiri hunichukua tukatembee ule mtaa wa kale wa hapa Ibra, Omani, wa matajiri waliokuwa wakifanya biashara na Unguja. Gari tunaiacha langoni, tunashika vichochoro kwa miguu, baina ya kuta zilizobomoka na maghorofa yasiyo na dari. Na kila mlango una neno lako. Hapa Rayya aliteguka mguu. Hapa Rayya alisema palikuwa ghala ya karafuu. Nafuata nyuma, buibui limejaa vumbi, naona tuko watatu na mimi ndiye niliyezidi.

Nakuonea wivu, shoga. Nakuonea wivu nawe umo kaburini! Naona haya kuandika, lakini ndiyo kweli yenyewe.

Kilichonivunja ni Ijumaa ya wiki iliyopita. Tulimkuta mgeni, mama wa makamo wa Kijapani, amesimama na daftari lake mbele ya nyumba moja yenye mlango wa nakshi. Nyumba ile ilikuwa ya babu yangu mzaa mama. Seif anajua kwetu ni mji wa Samad tu, kwa baba. Ya kwa mama hajapata kuniuliza. Basi akamhadithia yule mgeni kwa Kiingereza chake cha ofisini: mlango ulitoka Unguja vipande vipande, ukapakiwa juu ya ngamia kutoka bandari ya Sur, ulipofika ukawa mrefu kuliko nafasi yake, na mwenye nyumba akasema heri livunjwe jumba kuliko kukatwa mlango. Yule mama akacheka, akasema na kwao upo mtaa wa wafanyabiashara wa zamani, wa nyumba za mbao, na watu huutembea hivi hivi kwa miguu, ila hakuna wa kuwahadithia namna hii. Seif akamwambia hadithi kaipata kwa mkewe. Mama wa watu akanigeukia, akaniinamia kwa heshima.

Seif akasema, "Si huyu. Yule aliyekufa."

Rayya, hadithi ile ni yangu! Nilikupa mimi jikoni kwako, tukichambua mchele, ukanishika goti: "We Asila, hebu nihadithie tena ule mkasa wa mlango." Nikakuhadithia mara ya pili na ya tatu. Kumbe ulikuwa ukiihifadhi ukampelekee mumeo. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nayo mdomoni. Neno moja tu, ungelishuka machoni mwake. Mara nikakumbuka ulivyokuwa ukicheka mpaka mchele unamwagika, nikashindwa. Nilijifungia chooni nikalia, sijui kwa hasira au kwa hamu ya kukuona.

Jana Ijumaa tukaenda tena. Kufika mlangoni, huyo kaanza: "Rayya alikuwa akisema..." Nikamwambia, "Ingia ndani, uufunge." Akausukuma kwa taabu. Nikamwonesha nyuma ya mlango, chini karibu na kizingiti, misumari kumi na moja safu moja, imeshika kutu. Bibi yangu ndiye aliyeigongomea. Babu alimtoa Unguja kwa ahadi ya kumrudisha kwao Idi ijayo, na kila Idi iliyopita bila ya safari, bibi alipiga msumari mmoja. Alirudi Unguja akiwa mjane, na huko ndiko alikonihadithia mwenyewe huku akinisuka nywele, akaniapiza nisiitoboe siri ya babu kwa watu. Hata wewe sikukwambia, na ulivyokuwa ukinichimba kwa maswali!

Seif akachutama, akaigusa mmoja mmoja kwa kidole. Akauliza, "Rayya alikuwa akijua haya?"

"Hakuwa akijua."

Nilifurahi, shoga. Mungu anisamehe, na bibi pia, nilifurahi mno. Akabaki pale pale chini ananiuliza: bibi jina lake nani, alikuwa mtu wa namna gani, nilimpenda? Hajapata kuniuliza maswali mengi hivyo tangu anioe. Kama alikisia na ule wa mlango ulitoka kwa nani, hakusema, nami sikumchokoza.

Na unajua nilitaka nini nilipofika nyumbani? Kukupigia simu nikuhadithie.

Basi tuelewane. Ule wa mlango nakuachia. Kila Ijumaa akiuhadithia kwa jina lako nitasikiliza kama sijapata kuusikia, naahidi. Misumari ni yangu. Lala salama, Rayya, na ukimkuta bibi yangu huko, nakuomba sana, usimchimbe.

Shoga yako,
Asila