Chumvi Chini ya Maji Matamu

Mwanamize, shika simu usome. Bibi yangu Waride kaniambia jambo sasa hivi.

Binti yangu alikuwa anasoma habari za sayari: eti huenda zipo zenye bahari juu ya bahari, vimiminika viwili visivyochanganyika. Bibi akasema, "Kwetu Maparoni, kwenye delta ya Rufiji, tulikuwa nayo." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Enzi za Mwingereza, Waride alikuwa bi harusi wa mwaka mmoja. Bahari ikijaa, maji ya mto yalisukumwa mpaka kwenye tuta la shamba la mpunga, matamu juu, chumvi chini. Desturi ilikuwa kuonja, kisha kukata tuta juu kabisa, yaingie matamu tu. Waride alionja, yakawa matamu. Kwa haraka zake akalitoboa chini.

Mama mkwe akauliza kwa mbali, "Matamu, mwanangu?"

"Matamu, mama."

Hapo hapo nyufa za visigino zikaanza kumchoma. Chumvi! Shoga, alijua. Alijua! Angepiga kelele, tundu lingezibwa. Akasimama kimya, maji yakimpanda magotini.

Siku ya nne mpunga wote ulikuwa umeungua. Mama mkwe akamgeukia mke mwenza wa Waride, bibi yako Zamda: "Mchawi wewe! Umetuua kwa njaa." Zamda akaachwa siku hiyo hiyo, na mimba ya mama yako tumboni. Waride akanyamaza. Miaka yote hii, Mwanamize, kanyamaza.

Kaniapisha nisikwambie. Yuko mlangoni hapa, ananitazama nikikuandikia, wala hanizuii.